NGOME ZA MAWE ZA MIGORI NA HOMA BAY
Yafaa watoto wazione kwa macho yao

Mtoto wa shule akiulizwa ngome ni kitu gani, hujibu upesi. Atasema kuwa ni jumba kubwa la mawe huko Ulaya, lenye minara mirefu, handaki la maji, na daraja linyanyuliwalo kwa minyororo adui anapokaribia. Ameyaona hayo katika vitabu vya picha na katika filamu. Lakini akiulizwa kama amepata kuiona ngome kwa macho yake, atatikisa kichwa; naye pengine amezaliwa Nyatike au Ndhiwa, na siku za likizo huchunga mbuzi wa baba yake kando ya kuta za mawe zenye umri wa mamia ya miaka.

Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila mzazi na kila mwalimu. Katika nchi ya Migori na Homa Bay, mashariki ya Ziwa Victoria, kuna mabaki ya maboma ya mawe zaidi ya 500, yaliyotawanyika katika mahali zaidi ya 130. Waluo huliita boma la namna hiyo ohinga, na yakiwa mengi huitwa ohingni. Yaliyo makubwa na yaliyohifadhika vizuri kupita yote ni yale ya Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, ambayo mwaka 2018 yaliandikwa na shirika la UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo yamo katika orodha moja na Fort Jesus ya Mombasa na Zimbabwe Kuu.

Tena liko jambo la haraka. Kuta hizi zilijengwa bila saruji, bila chokaa, wala udongo wa kushikizia. Ukuta wa namna hiyo hudumu maadamu wako watu wanaojua kulirudisha jiwe lililoanguka mahali pake. Wakikosekana watu hao, mizizi, mvua na mifugo huumaliza kidogo kidogo. Mtoto anayepelekwa kuziona ngome hizi leo, huenda ndiye atakayezilinda kesho.

MAHALI PENYEWE

Thimlich Ohinga iko umbali wa kilometa 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Atokaye Migori hushika njia ya kwenda Macalder, mahali ambapo zamani za ukoloni palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu, kisha huendelea mbele. Atokaye Homa Bay hupita Rodi Kopany na Ndhiwa, akaelekea kusini. Nchi hii ni ya vilima na mabonde, yenye joto, na vichaka vya miti ya miiba. Mawe yametapakaa kila mahali, mengine madogo kama ngumi, mengine hayainuliki na mtu mmoja. Mgeni akiiona nchi ilivyo, huanza kuelewa mwenyewe kwa nini wenyeji wa zamani walijenga kwa mawe.

Jina lenyewe lina maana. Katika Kiluo, thim ni mwitu, na lich ni jambo la kutisha. Basi Thimlich ni mwitu wa kutisha; na ohinga ni boma au ngome. Jina hilo lafaa kuwa somo la kwanza kwa mtoto, kwa sababu linamweleza jinsi wazee walivyoiona nchi walipoingia humo: vichaka vizito, wanyama wakali, na watu wasiojulikana nia yao. Yeyote aliyetaka kulala usingizi mahali kama hapo alihitaji ukuta.

Eneo lililohifadhiwa ni la hektari 21 hivi. Ndani yake kuna maboma manne, nayo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mtu ajuaye Kiluo atatambua kuwa majina ya namna hii hutokana na majina ya watu, maana ko au ka mbele ya jina humaanisha “kwa fulani”. Kochieng ni kwa Ochieng, na Koketch ni kwa Oketch. Boma la Kochieng ndilo kubwa, nalo ndilo wageni huonyeshwa kwanza.

Maboma ya aina hii hayakuishia hapo. Mabaki yake huonekana Kadem na Karungu, na upande wa Homa Bay katika nchi ya Kanyamwa na milima ya Gwassi. Kanyamwa ndiko alikoishi Gor Mahia, yule mganga na mkuu mashuhuri wa Waluo ambaye jina lake lilipewa timu ya mpira iliyoundwa mwaka 1968. Watoto wengi huitaja timu hiyo kila Jumapili, wasijue kwamba nchi ya mwenye jina hilo ni nchi ya ngome za mawe.

UKUTA USIO NA SARUJI

Kuta za Thimlich Ohinga zina urefu wa kwenda juu wa meta 1.5 mpaka 4.5, na unene wa meta 1 mpaka 3. Mawe hayakuchongwa. Yaliokotwa jinsi yalivyo, yenye pembe au ya mviringo, makubwa kwa madogo, yakapangwa kwa akili hata yakashikana.

Siri ya kazi hiyo yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Fundi hakujenga ukuta mmoja tu, alijenga tatu kwa pamoja. Upande wa nje alipanga mawe makubwa, uso wake ukiwa sawasawa. Upande wa ndani akapanga mengine vivyo hivyo. Kisha nafasi iliyobaki katikati akaijaza kwa mawe madogo, yakapenya kila mwanya na kuzikaza nyuso mbili zile. Mawe ya nje yakitaka kuporomoka kuingia ndani, huzuiliwa na yale ya katikati. Nayo ya katikati hayawezi kumwagika, kwa kuwa yamefungwa na nyuso za pande zote mbili.

Zaidi ya hayo, ukuta haukwenda kwa mstari ulionyoka. Unapinda na kujikunja kama mto, na mahali pengine umeongezewa viegemeo vya mawe. Mtoto atauliza, mbona hawakunyosha? Na apewe karatasi. Akiisimamisha mezani ikiwa imenyoka, itaanguka mara moja. Akiikunja kidogo, itasimama. Wajenzi wa Thimlich walijua jambo hilo bila karatasi.

Wingi wa kazi nao wastaajabisha. Tuseme ukuta una unene wa meta 2 na kimo cha meta 3. Kila meta moja ya ukuta huo ina ujazo wa meta 6 za mraba-tatu za mawe, na uzito wake hukaribia tani 12 hivi, yaani mzigo wa kujaza lori kubwa. Ukuta wa meta 100 tu ni tani 1,200. Hapakuwa na lori wala gari la kukokotwa. Mawe yote yalichukuliwa kwa vichwa, kwa mabega na kwa mikono. Hesabu hiyo yafaa sana kwa wanafunzi wa darasa la sita au la saba. Wakimaliza kuifanya watatambua kwamba hakuna mtu mmoja aliyejenga ngome hii, hata angekuwa na nguvu kiasi gani. Ilijengwa na watu waliopatana, walioweza kuitana kazini na kulishana mpaka kazi ikaisha.

MLANGO WA KUINAMA

Kila boma lina milango, nayo ilifanywa mifupi na myembamba makusudi. Juu ya mlango yamelazwa mawe marefu kuwa vizingiti, na juu ya vizingiti ukuta umeendelea kama kawaida. Mtu mzima hawezi kuingia akiwa amesimama wima. Hana budi kuinama, na wawili hawaingii sambamba.

Mwalimu anayefika na darasa lake asiharakishe kueleza maana ya mlango huo. Awaache watoto wapite mmoja mmoja, kisha awaulize: “Kama ungekuwa adui, ungeushika vipi mkuki wako hapo?” Watajibu wenyewe. Ainamaye huingiza kichwa kwanza. Hawezi kutupa mkuki wala kuinua ngao, na mwenzake aliye nyuma hawezi kumsaidia. Walinzi wachache waliosimama ndani waliweza kuzuia kundi kubwa. Karibu na mlango, upande wa ndani, palikuwa na mahali pa mlinzi kukaa na kuangalia nje.

Hapo ndipo mtoto aliyesoma habari za ngome za Ulaya atakapofurahi, maana atayatambua mambo aliyoyasoma. Ngome ya Ulaya nayo ilikuwa na mlango uliopunguzwa, wenye geti zito la kuteremshwa kutoka juu, na mashimo darini ya kumpigia adui aliyenaswa katikati. Vifaa ni mbalimbali, lakini shauri ni lile lile: mfanye adui aingie kwa shida, tena mmoja mmoja.

MAISHA NDANI YA BOMA

Watu hudhani ngome ni mahali pa vita peke yake. Kwa kweli siku za vita zilikuwa chache, na siku za kukama, kusaga na kupika zilikuwa nyingi. Ndani ya kuta za Thimlich palikuwa na nyumba za mviringo za udongo na nyasi. Nyumba zenyewe zimekwisha kuoza, lakini alama zake zimebaki ardhini kama visahani vikubwa. Palikuwa na mazizi yaliyozungushiwa kuta ndogo za mawe, ng'ombe wakilala ndani ya ngome pamoja na wenyewe. Yapo mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati kwa kusagiwa nafaka miaka mingi. Yupo mtu aliyepiga magoti hapo kila siku, akiusukuma mchi wa jiwe mbele na nyuma, mpaka jiwe lenyewe likaliwa.

Wataalamu waliochimba mahali hapo wamepata vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama, na mabaki ya kazi ya chuma. Palikuwa na mahali pa wahunzi, nalo ni jambo kubwa, kwa kuwa bila mhunzi hapakuwa na jembe la kulimia wala mkuki wa kulindia. Wamepata pia shanga za kioo. Shanga hizo hazikutengenezwa Nyanza. Zilifika kwa kupita mkono hata mkono kutoka nchi za mbali, labda zikabadilishwa kwa ngozi, mbuzi au nafaka. Basi ngome hii, ijapokuwa ilijifunga kwa ukuta, haikujifungia biashara.

Katika boma la Kochieng, juu ya mwamba, kuna vishimo vilivyopangwa kwa safu. Ni mchezo wa ajua, ndugu wa bao la watu wa pwani. Watoto wakivikuta vishimo hivyo hupata furaha kuliko yote waliyoyaona, kwani wanaujua mchezo huo. Wazee walikaa pale jua likipungua, wakacheza na kubishana, huku wakiwatupia macho ng'ombe wakirudi zizini.

Na watoto wa ngome, je? Desturi za Waluo, ambao ndio walioishi humo siku za baadaye, zaweza kutupa picha yake. Wavulana walichunga mifugo mchana, na jioni walikaa katika duol, banda la mwenye mji, wakisikiliza mashauri ya wanaume. Wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi kizee aitwaye pim, naye aliwafundisha hadithi, vitendawili, adabu na asili ya koo. Kijana alipokua alijenga simba yake karibu na lango la mji, na nyumba ya mikayi, yaani mke mkubwa, ilikuwa ndani kabisa, ikitazama langoni. Mpango huo haukuwa wa heshima tu. Wenye nguvu walilala karibu na mlango. Mama wa mji alimwona kila aingiaye.

Huko Ulaya mtoto wa bwana mkubwa alipelekwa ngome ya jirani akiwa na miaka saba hivi. Huko alihudumu mezani na kujifunza adabu; alipofika miaka kumi na minne alianza kumtumikia askari wa farasi, akimsafishia silaha na kumtunzia farasi wake; na alipopata miaka ishirini na mmoja hivi aliweza kufanywa askari wa farasi yeye mwenyewe. Msomaji ataona kuwa duol na siwindhe zilifanya kazi hiyo hiyo ya kulea. Tofauti ni kwamba kule alilelewa mtoto wa mkubwa, na mtoto wa mkulima aliachwa nje shambani. Katika ohinga watoto wote wa mji walikuwa ndani ya ukuta mmoja.

NGOME ZA MABWANA NA NGOME ZA KOO

Tofauti hiyo yafaa kuelezwa zaidi. Mwaka 1066 Mtawala William wa Normandy alipoishinda Uingereza, alijaza nchi ngome ili kuwatawala watu alioshinda. Za kwanza zilikuwa za magogo juu ya vilima vya udongo. Baadaye zikajengwa za mawe, kama ule Mnara Mweupe wa London ambao upo hata leo. Ngome hizo zilikuwa za bwana mmoja na askari wake. Wanakijiji walizitazama kwa hofu, ingawa siku za vita waliweza kukimbilia humo.

Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, nayo ni ngome ya watawala kutoka ng'ambo. Kuta zake ni pana tena zimeinama kidogo, kwa kuwa ilijengwa wakati wa mizinga. Mzinga ndio uliozivunja nguvu ngome ndefu za kale za Ulaya, na kila mjenzi wa baadaye alilazimika kuufikiria.

Thimlich Ohinga ni ya namna nyingine. Haikujengwa na mfalme, wala haikuwa ya kuwatisha majirani watoe kodi. Ilijengwa na wafugaji na wakulima ili kulinda roho zao na ng'ombe wao. Kwa jinsi hiyo yakaribiana kidogo na Zimbabwe Kuu kwa ujenzi wa mawe makavu, lakini kule mawe yalichongwa yakalingana, na mji ule ulikuwa makao ya wakuu wenye dola. Hapa jiwe lilitumika lilivyo, na mwenye mji alikuwa baba wa ukoo.

Ni nani basi waliozijenga? Wataalamu huona kuwa kuta hizi zilijengwa yapata karne ya 16, na kwamba wajenzi wa kwanza huenda walikuwa watu wa lugha za Kibantu. Baadaye watu wengine waliingia, wakiwamo Waluo, wakazikuta kuta, wakakaa humo, wakazitengeneza palipobomoka na kuongeza palipopungua. Mtafiti wa Kenya, Isaya Onjala, ametumia miaka mingi kuyachunguza maboma haya. Kila jamii ilipokea kazi ya waliotangulia wala haikuibomoa kwa kuwa ni ya wageni. Somo hilo litawafaa watoto wa leo, ambao darasani hukaa Mluo, Msuba, Mkuria na Mkisii kwenye dawati moja.

WATU WALIPOTOKA NJE YA UKUTA

Katika karne ya 20 maboma haya yaliachwa. Vita vya kunyang'anyana ng'ombe vilipungua, na kila mtu akatafuta mahali pa kulima na kulisha kwa nafasi. Miji mipya ilizungushiwa ua wa minyaa, ambao Waluo huuita ojuok. Huo hupandwa kwa siku moja, na hauhitaji tani elfu za mawe. Hata hivyo mpango wa mji haukubadilika sana. Mtu akiutazama mji wa zamani wa Kiluo, wenye lango moja, nyumba ya mikayi ikilitazama lango, na simba za vijana pembeni, ataona kivuli cha ohinga.

Wenyewe walipoondoka, kuta zilipata maadui wapya. Ndege walidondosha mbegu juu yake, miti ikaota, na mizizi ikayasukuma mawe. Ng'ombe na mbuzi walipanda, wakayateremsha mengine. Tena jiwe lililokwisha kukusanywa humvutia sana mtu anayejenga nyumba au anayesafisha shamba, naye hufikiri kuwa si mali ya mtu. Kwa bahati njema miiko ya wazee na heshima ya wenyeji ilizisaidia kuta za Thimlich mpaka Serikali ya Kenya ilipolitangaza eneo hilo kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 liliwekwa katika orodha ya dunia ya mahali pa kale palipo hatarini, na kazi ya kuzirekebisha kuta ikafuata. Sasa liko chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenyeji wa hapo.

Lakini yale mabaki mamia ya Kadem, Karungu, Kanyamwa na Gwassi hayana mlinzi mlangoni. Mengi yamo katika mashamba ya watu. Mlinzi wake ni mwenye shamba tu, na baada yake ni mwanawe.

NAMNA YA KUWAFUNDISHA WATOTO

Mzazi au mwalimu atakaye kuwapeleka watoto ayafikirie mambo haya machache.

Kwanza, safari ianzie nyumbani. Kabla ya kwenda, watoto wawaulize babu na bibi zao: Je, katika nchi yetu palikuwa na ohinga? Nani alikaa humo? Majibu yaandikwe katika daftari. Mara nyingi mzee ambaye hajaulizwa neno kwa miaka mingi huwa na habari nyingi, na habari hizo hazimo katika kitabu chochote.

Pili, wajenge ukuta mdogo wao wenyewe katika uwanja wa shule. Wakusanye mawe, wachague makubwa kwa msingi, wapange nyuso mbili, wajaze katikati kwa changarawe na mawe madogo, na kila jiwe liketi juu ya maungio ya mawili yaliyo chini yake, lisiketi juu ya moja tu. Ukuta wa kimo cha goti watosha. Wa kwanza utaanguka, na wa pili huenda ukaanguka pia. Wa tatu ukisimama, watoto watakapofika Thimlich watautazama ukuta wa meta nne kwa macho ya mafundi.

Tatu, huko Thimlich wapewe kazi. Mmoja ahesabu hatua kuuzunguka ukuta. Wa pili atafute milango. Wa tatu achore mahali pa nyumba na mazizi. Wa nne afikirie maji yalichotwa wapi na nani, na hatari gani zilimkabili mchotaji aliyetoka nje ya ukuta. Kisha wakae kivulini na kila mmoja aeleze alichokiona. Mtoto aliyepewa kazi ya kutafuta huona mara mbili kuliko mtoto aliyeambiwa “tazama”.

Nne, waonywe mapema. Hairuhusiwi kupanda juu ya kuta, maana jiwe moja likitoka la pili hulegea. Hairuhusiwi kuchukua kigae, shanga wala kipande cha chuma, hata kiwe kidogo vipi. Kikiondolewa mahali pake hakimwelezi mtaalamu neno lolote tena. Wachukue maji ya kunywa na kofia, kwa kuwa jua la huko ni kali, na wafike asubuhi.

Tano, wasiache kuzungumza juu ya ngome za Ulaya. Si vibaya mtoto kuzipenda hadithi za wafalme, handaki na minara. Bali azisome akiwa na kitu cha kulinganisha. Akisoma kuwa ngome fulani ilikuwa na ukuta wa unene wa meta tatu, aseme, “Kama ule wa Thimlich.” Hapo kitabu humfungukia, na nchi yake pia.

WAJIBU WA MWENYE SHAMBA

Mkulima ambaye shambani mwake kuna duara la mawe ya zamani asiliite takataka. Asiyatoe mawe hayo kwa msingi wa nyumba, maana mawe ya kujengea yamejaa vilimani. Ukuta wa mababu haupatikani tena. Kama mti mchanga umeota juu ya ukuta, heri aukate mapema kabla mizizi haijanenepa. Kama mawe yameporomoka, asiyapange upya kwa kubahatisha. Awapashe habari wazee na maofisa wa Makumbusho, ili kazi ifanywe kwa utaratibu. Karani na mwalimu, ambao huweza kuandika barua, wasaidie hapo.

Na mwenye shamba akipata nafasi siku moja jioni, amchukue mwanawe au mjukuu wake, waizunguke ohinga hiyo pamoja, amwonyeshe mahali pa mlango, mahali pa zizi na mahali pa mawe ya kusagia. Kazi hiyo haihitaji fedha wala nauli. Wajenzi wa zamani hawakuacha maandishi. Waliacha mawe, na mtu wa kumweleza mtoto maana yake ni yule aliye karibu naye.